Hesabu ya Mayai, Hesabu ya Vifo: Malezi ya Viumbe kutoka Mbuga za Shinyanga hadi Ghuba za Geita

Kwa karibu miaka mia moja Shinyanga imepigana na wadudu na ndege kwa fedha za umma, na viumbe wawili wametoa majibu yanayopingana kabisa. Mbung'o, ambao watu wengi wa huko huwaita ndorobo, walikuwa wametwaa sehemu kubwa ya nchi mwanzoni mwa karne ya 20. Leo mfugaji wa Kishapu huchunga ng'ombe mwaka mzima bila kumfikiria mdudu huyo. Kwelea kwelea nao wamenyunyiziwa sumu kutoka angani msimu baada ya msimu, wamekufa kwa mamilioni, na mvua zinapokolea wanarudi juu ya mtama na mpunga kana kwamba hakuna kilichotokea. Tumezoea kueleza tofauti hii kwa vifaa, bajeti na uhodari wa idara husika. Mimi naiona ndani ya viumbe wenyewe: katika idadi ya watoto ambao mama huwaleta kwa mara moja, na katika gharama anayoilipa kwa kila mmoja. Tena, hesabu ileile iliyomwangusha mbung'o ndiyo inayowamaliza furu wa ziwani, tumbusi na mumbi, ambao hakuna aliyekusudia kuwamaliza.

Wanabayolojia hukiita kile anachotoa mama uwekezaji wa wazazi. Maana inayotumika hadi sasa iliwekwa na Robert Trivers mwaka 1972: ni chochote mzazi anachompa mtoto mmoja, kikamwongezea nafasi ya kuishi, na wakati huohuo kikampunguzia mzazi uwezo wa kuwapa watoto wengine. Kiini cha yai kimo humo, pamoja na joto la kuatamia, chakula kinacholetwa kiotani, hata hatari anayojitia mama anaposimama kati ya kenge na vifaranga. Mwaka 1974 Christopher Smith na Stephen Fretwell waliliweka wazo hilo katika hesabu. Akiba ya mama ina kikomo, kwa hiyo kila yai linaloongezwa hupunguza sehemu ya mengine, na kuna ukubwa fulani wa yai unaomfaa mama kuliko mwingine wowote. Ukubwa huo ukishapatikana, idadi hufuata.

Nchi yetu imo katika historia ya mjadala huu tangu mwanzo. Reginald Moreau, aliyehamia kituo cha utafiti cha Amani milimani Usambara mwaka 1928, alichapisha mwaka 1944 katika jarida la Ibis uchambuzi mrefu kuhusu idadi ya mayai ya ndege wa Afrika, akiwalinganisha na jamaa zao wa nchi za baridi, ambao kwa kawaida hutaga mengi zaidi. David Lack wa Oxford alikuja na jibu lake mwaka 1947: ndege hutaga idadi inayolingana na makinda ambao wazazi wanaweza kuwalisha. Alexander Skutch, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake Costa Rica, alipinga mwaka 1949. Ndege wa tropiki, alisema, hulea wachache kuliko wanaoweza kuwalisha, na kila safari ya ziada ya kupeleka chakula humwonyesha adui mahali kiota kilipo. Mabishano yao yameendelea kwa vizazi, na nadhani sababu ni kwamba kila mmoja alikitazama kifo cha aina moja. Katika ukanda unaoanzia mbuga nyeusi za Shinyanga hadi maji ya Geita vifo vya namna nyingi vinakutana, na kila kimoja kimeacha alama yake katika idadi ya mayai.

Nianze na mbung'o, kwa kuwa yeye ndiye aliyeusukuma uwekezaji hadi mwisho kabisa. Hatagi yai nje. Yai moja hushuka katika mfuko wa uzazi, huanguliwa humohumo, na buu hulishwa maziwa yanayotoka katika tezi maalumu za mama. Baada ya siku tisa au kumi hivi buu huyo huzaliwa akiwa na uzito unaokaribia ule wa mama yake mwenye njaa, na wakati mwingine unauzidi. Hana miguu wala haendi mbali. Hujichimbia katika udongo laini chini ya kivuli, ngozi yake hukauka ikawa ganda gumu jeusi, na ndani ya ganda hilo hukaa karibu mwezi mmoja akiishi kwa kile tu alichopewa na mama. Jike aliyejaliwa maisha marefu huzaa watoto wanane hadi kumi, wakati nzi wa nyumbani hutaga mamia ya mayai katika wiki chache.

Mambo haya yalichunguzwa kwa kina Shinyanga kuliko karibu mahali pengine popote. Idara ya utafiti wa mbung'o ya serikali ya Tanganyika iliweka makao makuu yake Old Shinyanga, chini ya C. F. M. Swynnerton, mtu ambaye jina lake limebaki katika spishi ya vichaka vya migunga, Glossina swynnertoni. Tangu miaka ya 1920 yeye na watemi waliwatoa watu kwa maelfu kwenda kufyeka vichaka, na mwaka 1936 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki, miaka miwili kabla ya kufa katika ajali ya ndege. Katika miaka ya 1940 F. L. Vanderplank wa idara hiyohiyo alionyesha kwamba spishi mbili za mbung'o zikipandana, uzao wao huwa tasa au hafifu, na akajaribu kuligeuza jambo hilo kuwa silaha porini.

Kwa nini walishinda? Jike wa mbung'o anatakiwa kuacha nyuma jike mmoja ili kizazi kisipungue. Nusu ya watoto wake ni madume, baadhi ya pupa huliwa na sisimizi au kukaushwa na jua, na yeye mwenyewe anaweza kufa kabla ya kuzaa wa tatu. Hana ziada. John Hargrove, aliyefanya kazi Zimbabwe, alikokotoa kwamba kifo cha nyongeza cha takriban asilimia 4 ya majike kwa siku, kikidumu, kinatosha kuimaliza jamii nzima. Ni kiasi kidogo mno, na kufyeka kichaka cha kivuli hukipata bila shida.

Msomaji makini atasema kwamba mbung'o waling'olewa kwa kuharibiwa makazi, na kwamba mnyama yeyote akinyang'anywa makazi hutoweka. Pingamizi hili lina uzito, ila halielezi yaliyotokea Unguja. Huko vichaka havikufyekwa kisiwa kizima. Kazi ilianza kwa kupunguza mbung'o kwa viuatilifu juu ya mifugo na kwa vitambaa vyenye dawa, kisha wakaachiwa kutoka angani madume waliotiwa utasa kwa mionzi, waliokuwa wakizalishwa Tanga. Mbung'o wa mwisho alionekana mwaka 1996 na kisiwa kikatangazwa kuwa huru mwaka 1997. Jike anayepandwa na dume tasa hupoteza karibu uzao wote wa maisha yake. Mbinu hiyohiyo kwa ndege atagaye mara tatu kwa mwaka ingekuwa fedha iliyotupwa.

Ushindi wa Shinyanga ulikuwa na gharama yake. Ufyekaji ule, ukifuatiwa na mashamba ya pamba, mifugo mingi na kuni, uliiacha nchi wazi hadi serikali ikaanzisha mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarudisha wananchi kwenye ngitili zao, yale malisho yanayofungwa ili majani na miti ichipue. Migunga imerudi. Ni mojawapo ya kazi bora za mazingira zilizofanywa nchini, na sidai hata kidogo kwamba ngitili ndizo zinazoleta kwelea. Nataja migunga kwa sababu ndani yake ndimo kwelea anamoonyesha hesabu iliyo kinyume na ya mbung'o.

Dume wa kwelea hufuma kiota cha majani mabichi kwa siku chache tu, na mti mmoja wa mgunga unaweza kuning'inia mamia ya viota. Jike, ambaye uzito wake haufiki gramu 20, hutaga kwa kawaida mayai matatu, moja kila siku. Yote matatu pamoja yanazidi robo ya uzito wake. Peter Jones na Peter Ward, waliowachunguza kwelea wa bonde la Ziwa Chad, walieleza mwaka 1976 mayai hayo yanalipiwa na nini: protini ya misuli ya kifua, ileile inayomrusha. Akiba ya misuli ikishuka kufikia kiwango fulani, jike huacha kutaga. Hapa Lack alikuwa sahihi kwa namna ambayo pengine hakuitarajia, maana chakula kinaamua idadi hata kabla kinda hajafungua mdomo.

Baada ya hapo mambo huenda mbio. Mayai huatamiwa siku 10 hadi 12, makinda hulishwa wadudu kisha mbegu, na tangu ufumaji kuanza hadi mazalia kuhamwa hupita wiki sita hivi. Mazalia yote hutaga karibu kwa pamoja. Tai, mwewe, korongo marabu, nyoka na kenge hukusanyika chini na juu ya miti, hula hadi kushiba, na bado sehemu kubwa ya makinda huruka kwa sababu muda wa karamu ni mfupi. Yule adui wa Skutch amezidiwa kwa wingi. Kisha wazazi hufuata mvua na wanaweza kutaga tena mahali pengine katika msimu uleule.

Ward alikuwa ameonyesha mwaka 1965 jambo jingine linalotuhusu zaidi. Kipindi kinachowaua kwelea wengi ni mwanzo wa mvua, mbegu za nyasi zilizobaki ardhini zinapoota kwa pamoja na chakula kutoweka ghafla kabla nyasi mpya hazijazaa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba jozi moja hutaga mayai matatu mara mbili kwa mwaka, na kwamba nusu ya wakubwa hufa kila mwaka. Jozi hiyo inahitaji mtoto mmoja tu kati ya sita aishi hadi msimu ujao. Sumu ikiua nusu ya ndege wa eneo mwezi Aprili, wale waliobaki watagawana mbegu za kiangazi wakiwa wachache, na njaa ya Novemba itawaua wachache zaidi. Tumewaua mapema ndege ambao wengi wao wangekufa wenyewe. Shamba linalozunguka mazalia hayo litaokolewa mwaka huu, na hilo si jambo dogo kwa kaya yenye ekari mbili za uwele. Kulitarajia lipunguze kwelea wa mwaka kesho ni kutosoma hesabu.

Laiti madhara yangeishia hapo. Sumu inayotumika sana ni fenthion, na kwelea aliyekufa au anayetapatapa chini ya mgunga ni chakula rahisi. Ndege wala nyama waliofuata mazalia huokota sumu hiyo ndani ya mizoga, na kufa kwao baada ya unyunyiziaji kumeandikwa katika nchi kadhaa za Afrika. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja. Huanza kuzaa akiwa na miaka kadhaa, na kinda wake hukaa kiotani kwa miezi. Kwa hiyo ndege ya kunyunyizia inapopita mara moja juu ya migunga huwagonga viumbe wa aina mbili: mmoja atajaza pengo kabla ya mavuno yanayofuata, mwingine atahitaji muongo mzima, kama atapata utulivu wa muongo mzima. Tumbusi huyu, kwa hesabu ya uzazi, ni mbung'o mwenye mabawa mapana. Kila kitu tulichojifunza Old Shinyanga kuhusu namna ya kummaliza kiumbe anayezaa mmoja mmoja tunakitekeleza kwake bila kukusudia.

Mumbi yuko katika hali ngumu zaidi. Ndege huyu mkubwa mweusi mwenye uso mwekundu, anayetembea kwa vikundi katika miombo na mbuga, hutaga mayai mawili, kwa nadra matatu, na kinda wa pili hufa kwa njaa karibu kila mara. Yai lile la pili ni bima endapo la kwanza litakuwa viza. Kundi zima humlea kinda mmoja, na utafiti wa Afrika Kusini ulikadiria kwamba kundi hufanikiwa kumkuza mmoja kwa wastani wa kila miaka tisa. Anahitaji pango ndani ya mti mnene. Katika ukanda wa dhahabu, ambako nguzo za mashimo ya wachimbaji wadogo, mkaa na mashamba mapya vimekuwa vikila miombo ya Geita na Kahama, mti mnene ndio unaoondoka kwanza. Wakubwa wanaweza kuendelea kuonekana na kuunguruma alfajiri kwa miaka 20 au zaidi, wakitupa imani kwamba wapo salama, wakati hakuna kinda aliyeongezeka.

Hadi hapa nimezungumzia viumbe ambao mama na mtoto hawatenganishwi. Kuku wa kienyeji ana somo lake, kwa sababu katika banda la Msukuma uwekezaji wa mama huhamishwa, hukopwa na hugawanywa na binadamu kila siku, na aliyebobea katika elimu hiyo ni mwanamke wa nyumba.

Mwalusanya na wenzake walichapisha mwaka 2002 vipimo vya kuku wa vijijini Morogoro ambavyo vinafaa kuwa kioo cha kuku wengi wa nchi hii: mtago mmoja una wastani wa mayai karibu 12, yai lina gramu 44 hivi, mayai zaidi ya 80 katika kila mia yaliyoatamiwa hutotolewa, na katika kila vifaranga kumi ni sita tu wanaofikia wiki ya kumi. Tetea wa kilo moja na robo au kidogo zaidi hutoa basi kwa mtago mmoja mayai yenye uzito unaokaribia asilimia 40 ya mwili wake. Tazama hasara iko wapi. Yai limetolewa, joto limetolewa kwa siku 21, na vifaranga wanne kati ya kumi wanaangamia baadaye, mbele ya mwewe, kicheche, mvua ya usiku na ugonjwa wa mdondo. Lack angeuliza kuku anaweza kuwalisha wangapi, lakini swali hilo halina maana kwa ndege ambaye vifaranga wake hujidonolea wenyewe siku ya pili. Anachowapa ni ulinzi, joto na kufukua udongo, na ulinzi wa vifaranga kumi hauwi ghali sana kuliko wa saba.

Mfugaji hodari analijua hilo kwa vitendo. Matetea watatu wakikaribia kuanza kulalia, huwawekea wawili wa kwanza yai moja moja ili wasiache kiota, hadi wa tatu awe tayari. Kisha usiku huwapa wote mayai yaliyochaguliwa, yaliyowekwa ncha nyembamba chini katika mahali penye ubaridi. Siku ya saba huyapitisha mbele ya tochi ndani ya chumba cha giza: lenye mishipa myekundu kama mizizi hurudi chini ya kuku, lililo jeupe kote hupikwa. Siku ya 21 vifaranga wote hukabidhiwa tetea mmoja, yule mkali, anayemrukia mwewe. Wawili wengine huoshwa maji miguuni na tumboni, hukaa mbali na viota siku chache, hulishwa vizuri, na baada ya wiki mbili au tatu wanataga tena. Chini ya tenga huwekwa maji, pumba na mchwa waliotegwa kwa chungu kilichojazwa samadi na kufunikwa kifudifudi juu ya njia yao.

Ukimweleza mwanamke huyu nadharia ya Trivers ataona umemsimulia kazi yake ya jana. Tetea anayelea hupoteza miezi miwili au mitatu ambayo angeitumia kutaga, na ndiyo maana aliyeachwa peke yake huzungusha mitago mitatu tu kwa mwaka. Ukimwondolea vifaranga mapema unaongeza mitago, kwa sharti kwamba kuna mwingine anayeyabeba malezi yake yote: joto, chakula, ulinzi, na dawa. Malezi hayapotei, yanabadilisha mlipaji. Hapo ndipo ninapotofautiana na miradi mingi iliyogawa kuku chotara kama Kuroiler na Sasso kwa sifa ya mayai mengi. Kuku hao hawapendi kuatamia. Mayai yao mengi yamepatikana kwa kuachana na malezi, na deni hilo limehamia kwa mashine ya kutotolea, kwa muuza vifaranga na kwa mfuko wa chakula wa dukani. Kaya yenye umeme na soko la mjini Kahama italimudu. Kaya ya kijijini ambayo ilikuwa na uwezo mmoja wa bure, yaani mama kuku mwenyewe, imepewa mayai na kunyang'anywa mlezi. Tone moja la chanjo ya mdondo aina ya I-2 jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne, pamoja na tenga zuri, huokoa vifaranga ambao tayari wamelipiwa, na ndiyo sababu kwangu vinatangulia mbegu mpya ya kuku.

Ziwani, upande wa Geita, mkataba huu wa mama na mtoto ulivunjwa kwa kishindo. Furu wa Ziwa Victoria, ambao walikuwa spishi 500 hivi, wengi wakiwa hawapatikani popote pengine duniani, walijengwa juu ya malezi. Jike hutaga mayai makumi kadhaa, kila moja lenye kipenyo cha milimita tatu hivi, huyaokota mdomoni na kuyabeba pamoja na watoto kwa wiki mbili au tatu, akila kidogo sana au asile kabisa. Sangara jike mkubwa humwaga mamilioni ya mayai yasiyofika milimita moja, na kuyaacha yaelee. Furu walikuwa wamekaa katika ziwa ambamo miongoni mwa maadui wao wakubwa walikuwa wale wa watoto: samaki wadogo wanaonyemelea mayai na vichanga. Mdomo wa mama ulikuwa ngome dhidi ya adui huyo. Sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuja kumla mama pamoja na ngome yake.

Kikundi cha watafiti wa Leiden kilichoanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, akiwemo Frans Witte, kilikuwa mahali pazuri pa kushuhudia. Katika miaka ya 1980 furu waliokuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki wa chini walitoweka kwenye nyavu za utafiti ndani ya miaka michache, na makadirio ya spishi zilizopotea ziwani hufikia 200 hivi. Ni haki kusema kwamba sangara hakuwa peke yake. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yaliyochafuka yaliwafanya majike washindwe kutambua rangi za madume wao, na spishi zikachanganyikana. Lakini kati ya samaki wenyeji waliostahimili, dagaa ndiye aliyestawi zaidi, naye ni mdogo, hukomaa upesi na hutawanya mayai mengi majini bila kuyalinda. Aliyemwaga alisalia, aliyebeba aliangamia. Sato, ambaye naye hubeba mayai mdomoni, alinusurika kwa ukubwa wake na kwa kujikita kwenye kina kifupi karibu na matete.

Basi mtu asidhani kwamba sangara, kwa mamilioni yake ya mayai, hawezi kuisha. Mayai hayo hutoka kwa majike wakubwa, na jike wa mita moja na zaidi hutoa mengi kupita kiasi akilinganishwa na majike wadogo wenye uzito uleule wakiwekwa pamoja. Kwa miaka mingi kanuni ilikataza kuvua sangara walio chini ya sentimita 50 na walio juu ya 85, na kikomo cha juu kilikuwa na hekima hiyo ndani yake. Biashara ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, imeisukuma mialo ya wavuvi upande mwingine: bondo la samaki mkubwa lina bei ambayo minofu haiifikii, kwa hiyo yule jike anayebeba uzazi wa ghuba nzima ndiye anayetafutwa kuliko wote. Wakati huohuo nyavu za kokoro hukokotwa kwenye vina vifupi, mahali madume wa sato wanapochimba viota na majike kuachia watoto kutoka mdomoni. Ziwa linapigwa kwa mama mkubwa na kwa kitalu kwa pamoja. Maji yanayozunguka Rubondo, kisiwa cha mkoa wa Geita kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, yanasaidia kwa sababu yanaviacha vyote viwili, na kila ghuba yenye matete kati ya Chato na Nungwe inastahili angalau sehemu yake moja ifungwe kwa masharti hayohayo, kwa makubaliano ya wavuvi wa mwalo husika.

Ninachoomba kwa wenzangu wa kilimo, mifugo na uvuvi ni badiliko la namna ya kuhesabu. Kiumbe anayeziba pengo upesi, kama kwelea, madhara yake hupunguzwa kwa kumzuia asifike shambani, yaani kwa kuamia, kwa kupanda mtama wa mapema, kwa kumtega na kumla kama wafanyavyo watu wa Kondoa kwa mitego ya majani, na sumu iwe ya mwisho, kwa mazalia yaliyopakana na mashamba tu. Kiumbe anayezaa mmoja mmoja hulindwa kwa kumlinda mkubwa, kwa kuwa hana namna ya kumrudisha upesi. Na pale sumu itakapolazimika, mizoga iokotwe siku hiyohiyo kabla tumbusi na marabu hawajashuka, na fomu ya taarifa iwe na safu mbili zinazolingana: upande mmoja hekta zilizonyunyiziwa, upande wa pili tai, tumbusi, korongo na bundi waliokutwa wamekufa, kwa majina yao na kwa idadi yao.